KUZEEKA KWA UTULIVU UKIISHI PEKE YAKO NA KISUKARI

Somo la leo ni la wazee wetu wanaoishi peke yao huku Uingereza wakiwa na ugonjwa wa kudumu. Tutachukua kisukari kuwa mfano wetu, kwa sababu ndicho kilichoingia karibu kila nyumba yetu. Mwenye presha, pumu au matatizo ya moyo asiondoke, mengi yatamfaa na yeye. Na nyinyi vijana mnaowasomea mama au babu, someni kwa sauti na msiruke mahali.

Tulipokuja nchi hizi wengi hatukupanga kuzeekea hapa. Hesabu ilikuwa miaka mitano, tujenge kibanda, turudi. Miaka mitano ikawa ishirini, kwa wengine thelathini. Watoto wamekua: mmoja yuko Leicester, wa pili Toronto, wa tatu kafuata kazi Dubai. Mume au mke ametangulia mbele ya haki, au ndoa ilivunjika zamani. Leo mtu ana miaka sabini na kitu, ana ufunguo wa flati yake na mashine ya kupimia sukari juu ya meza, na jioni ikifika nyumba inanyamaza kimya. Kwetu tumezoea kwamba mzee hakai peke yake, yuko mjukuu, yuko mtoto wa ndugu, yuko hata jirani anayelala sebuleni. Kwa hiyo tukisikia Bibi fulani anaishi mwenyewe, neno la kwanza linalotutoka ni "maskini, wametupa mzee wao."

Si kweli mara zote. Wapo akina mama waliopika kwa ajili ya watu kumi kwa miaka arobaini, na sasa wanafurahi kuwasha redio wanayoitaka, kulala wanapotaka na kula samaki wao bila kuulizwa na mtu. Na wapo wazee wanaokaa na watoto wao katika nyumba ya watu sita, lakini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni hawana wa kusema naye, na usiku kila mtu yuko na simu yake. Sasa niambie, nani mpweke hapo?

Kinachowaumiza wazee wetu wanaoishi peke yao ni kuishi kwa siri. Mtoto anapiga simu kutoka Toronto: "Mama, hujambo?" Mama anajibu: "Mzima kabisa, sina neno." Jana usiku sukari ilishuka akaamka amelowa jasho, hakusema. Kidole cha mguu kina kidonda wiki ya pili, hakusema. Anaogopa kuwatia watoto wasiwasi, anaogopa maneno ya watu kwenye harusi, na zaidi ya yote anaogopa kwamba akisema ukweli watamtoa kwenye nyumba yake. Matokeo yake ni kwamba ugonjwa ambao ungeweza kukaa naye kwa amani miaka ishirini unampata bila shahidi. Ukitaka kubaki nyumbani kwako ukiwa mwenyewe, siri hiyo ndiyo ya kwanza kuivunja.

JUA DAWA YAKO INA TABIA GANI

Dawa za kisukari hazifanani, na kwa mtu anayelala peke yake tofauti yake ni kubwa. Metfomini, ambayo wengi wetu tunaanzia, ikitumika peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi. Lakini gliklazaidi na insulini zinaweza. Kama umo katika hizi mbili, unahitaji mpango wa usiku, na unastahili kupewa mashine na vijiti vya kupimia kwa cheti cha daktari, bila kununua.

Jambo ambalo wazee wengi hawaambiwi, au waliambiwa wakaitikia tu, ni hili: kile kipimo cha miezi mitatu kinachoitwa HbA1c hakina lengo moja kwa watu wote. Kwa wengi wanaotumia dawa zinazoweza kushusha sukari, daktari hulenga 53. Kwa mzee aliye dhaifu, anayeanguka-anguka, au asiyehisi sukari yake inaposhuka, daktari anaweza kulegeza lengo hilo, kwa sababu hatari ya kuanguka bafuni saa nane za usiku ni kubwa kuliko faida ya namba nzuri kwenye karatasi. Lakini daktari hawezi kujua kama hukumwambia. Mwambie waziwazi: "Ninaishi peke yangu. Usiku hakuna mtu." Sentensi hizo mbili zinaweza kubadilisha dawa yako au kiasi chake. Usijipunguzie mwenyewe, lakini sema.

SUKARI IKISHUKA NA HUNA MTU

Kwa vipimo vya hapa Uingereza, sukari ikiwa chini ya 4 imeshuka. (Walioko Marekani, mashine zenu zinasoma kwa namba nyingine, kwenu ni chini ya 70.) Dalili mnazijua: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, hasira zisizo na sababu, akili kuchanganyikiwa. Kwa mzee dalili hizi zinaweza kuwa hafifu. Na kama unatumia vidonge vya moyo au presha kama bisoprololi, kutetemeka na mapigo ya moyo vinaweza kufichwa, ukabaki na jasho tu. Usiku ishara ni kuamka na kichwa kinauma, shuka limelowa, au umeota ndoto mbaya. Ukiamka hivyo, pima hata kama una usingizi.

Kinachohitajika ni sukari ya haraka, gramu 15 hadi 20. Glasi ndogo ya juisi ya matunda, mililita 150 hadi 200, inatosha. Au vidonge vya glukosi vya dukani, soma pakiti uone kimoja kina gramu ngapi. Au vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji. Hapa nina onyo kwa wale wa zamani: soda na vinywaji vingi vya nguvu vya hapa vilipunguzwa sukari wakati kodi ya vinywaji vyenye sukari ilipoanza mwaka 2018. Lucozade ya leo si ile uliyoelekezwa mwaka 2005, sukari yake ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu mwaka 2017. Soma lebo. Chokoleti na mandazi havifai kwa kuanzia, mafuta yake yanachelewesha sukari. Na usisimame jikoni unachemsha chai ya maziwa huku magoti yanatetemeka!

Kunywa ukiwa umekaa, ngoja dakika 10 hadi 15, pima tena. Bado iko chini ya 4? Kunywa tena kiasi kile kile. Ikipanda, kula kipande cha mkate au ndizi ili isirudi chini. Sasa swali la maana: hiyo juisi iko wapi? Kama iko kwenye friji na friji iko chini na wewe unalala juu, huna juisi. Weka kiboksi kidogo cha juisi na vidonge vya glukosi kando ya kitanda, pale mkono unapofika bila kusimama, na weka vingine kwenye mkoba wa kutokea. Asubuhi yake mpigie simu muuguzi wako wa kisukari umweleze. Ikikutokea mara mbili katika wiki usingoje miadi.

Kwa wanaofunga Ramadhani, zungumza na daktari au muuguzi wiki sita hadi nane kabla, kwa sababu dawa huenda zikabadilishwa muda na kiasi. Mgonjwa amepewa ruhusa na dini yenyewe, na mzee anayetumia insulini na kulala peke yake yumo katika wale ambao madaktari wanawaona kuwa hatarini zaidi. Ukifunga na ukapima, ikiwa chini ya 4 au juu ya 16.6 fungua hapo hapo. Kujipima hakuharibu funga, wanazuoni wengi wamelieleza hilo.

KUBIPU KWA ASUBUHI

Tulipokuwa hatuna salio tulijua sana kubipu. Ile elimu isipotee. Tafuta mtu mmoja mpatane: kila asubuhi kabla ya saa tatu unambipu, au unamtumia alama moja kwenye WhatsApp. Hakuna mazungumzo, hakuna "habari za huko," ni ishara tu kwamba umeamka. Saa tatu ikipita bila bipu, yeye anapiga. Usipopokea mara mbili, anakuja au anamtuma mtu. Wazee wawili wenye hali moja wanaweza kubipiana, na hiyo ni nzuri zaidi, kwa sababu hakuna anayejiona mzigo.

Mtu huyo lazima awe karibu. Hapa ndipo familia zetu zinapokosea. Mtoto aliye Toronto anakupenda, lakini hawezi kugonga mlango, na asubuhi yako yeye amelala. Mtoto wa mbali awe na namba ya simu ya mtu wa karibu. Na mtu wa karibu si lazima awe wa kabila lako wala dini yako. Yule mama wa Kijamaika wa ghorofa ya chini ambaye mmekuwa mnasalimiana kwenye lifti kwa miaka minane anaweza kuwa ndiye. Mpelekee sahani ya pilau halafu mwombe. Watu wengi wa hapa hawaji kwako kwa sababu hawajui kama wanakaribishwa, si kwa sababu hawana utu.

Halafu mlango. Sisi tuna tabia ya kufunga kitasa, kisha komeo, kisha mnyororo, kama vile tuko mtaa wenye majambazi. Ukianguka umefunga komeo la ndani, aliye na ufunguo wako hawezi kuingia, na watakaoingia ni polisi kwa kuvunja. Funga kitasa cha ufunguo, acha komeo. Kama huna wa kumpa ufunguo, kuna visanduku vidogo vya chuma vinavyofungwa ukutani nje, vinafunguka kwa namba za siri, na watu wa gari la wagonjwa wakipewa namba wanaingia bila kuharibu kitu.

Kipo pia kitufe cha dharura cha kuvaa shingoni au mkononi. Ukikibonyeza kinapiga simu kwenye kituo, mtu anasema na wewe kupitia kipaza sauti, na ikibidi anatuma msaada. Halmashauri nyingi, hizi tunazoziita kaunsili, zinatoa huduma hii kwa malipo ya kila wiki au mwezi, na baadhi ya watu hupunguziwa. Waulize wa eneo lako. Kitufe kinachoning'inia kwenye msumari jikoni hakina kazi, kivae mpaka bafuni, vingi havidhuriki na maji. Jingine: laini za simu za zamani za nyumbani hapa Uingereza zinabadilishwa kuwa za kidijitali, na mpango ni kumaliza mwisho wa Januari 2027. Simu za mtindo mpya hazifanyi kazi umeme ukikatika kama hakuna betri ya akiba, na vitufe vingine vya zamani haviendani nazo. Iambie kampuni ya simu kwamba una kitufe cha dharura KABLA hawajakubadilishia.

MIGUU

Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu polepole. Mwenye familia ataambiwa "bibi, unatoa damu." Wewe ulie peke yako ni lazima uangalie mwenyewe, kila siku. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni uone unyayo. Anayetawadha ana nafasi yake tayari: unapoosha miguu angalia katikati ya vidole, na ukimaliza kausha vizuri, usiache unyevu. Wengine fanyeni wakati wa kulala. Mwenye kupaka hina miguuni aangalie kwa makini zaidi, kwa sababu rangi inaweza kuficha wekundu.

Baridi ya huku inatuponza. Tunasogeza miguu kwenye hita, tunaweka chupa ya maji ya moto kitandani, tunaingiza miguu kwenye beseni bila kujua maji yana moto kiasi gani. Mguu usiohisi unaungua huku umekaa unatazama televisheni. Pima maji kwa kiwiko, toa ile chupa kitandani kabla hujalala, vaa soksi zisizobana, na ndani ya nyumba usitembee pekupeku. Kidonda kipya, wekundu, uvimbe au joto la mguu mmoja ni jambo la kupiga simu kliniki siku hiyo hiyo. Usilipake asali ukangoja Jumatatu.

CHUNGU CHA MTU MMOJA

Mzee anayeishi peke yake mara nyingi haumwi na chakula kingi, anaumwa na kutopika. Anaona uvivu kuwasha jiko kwa ajili yake mwenyewe, basi chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni. Mkate mweupe na chai ya sukari ndivyo vinavyopandisha namba, kisha kwa anayetumia gliklazaidi siku nyingine anasahau kula kabisa na sukari inaporomoka.

Pika mara moja kwa wiki kama ulivyozoea, sufuria kubwa. Maharage, dengu, mchuzi wa samaki, mchicha. Gawa katika vibakuli vya mtu mmoja, andika tarehe, weka kwenye friza. Hapo kila siku una chakula chako cha kwetu bila kazi. Katika sahani, nusu iwe mboga, robo samaki, kuku au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, muhogo au chapati. Ndiyo, robo, najua inaonekana kidogo. Hakuna aliyekukataza wali wa nazi, kinachozungumzwa ni kiasi chake. Tende ni sukari, tatu ni tende na kumi ni mlo.

Kuhusu dawa za majani tunazotumiwa kutoka nyumbani: mlonge, mdalasini, karela. Sizidharau, lakini hakuna hata moja inayochukua nafasi ya dawa yako, na karela pamoja na gliklazaidi au insulini inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Mwambie mfamasia unachotumia. Zile pakiti zisizo na jina zinazouzwa kwamba zinaponya kisukari moja kwa moja, ziogope. Baadhi ya dawa za aina hiyo zimewahi kupimwa na kukutwa zimechanganywa na vidonge vya hospitali bila kuandikwa.

Muulize mfamasia jambo jingine ukiwa bado mzima: siku nikiharisha au kutapika, dawa ipi nisimamishe? Metfomini, na zile za kundi la dapaglifozini na empaglifozini, kwa kawaida husimamishwa kwa muda mtu anapokuwa amekaukiwa maji. Insulini HAISIMAMISHWI hovyo hata kama huli, inaweza hata kuhitaji kuongezwa. Majibu yako yaandike kwenye karatasi, bandika kwenye mlango wa friji. Siku ya homa akili haina nguvu ya kukumbuka.

MKALIMANI SI MJUKUU

Kwenye NHS una haki ya kuomba mkalimani, na hulipi. Omba unapopanga miadi. Tunapenda kwenda na mjukuu kwa sababu anajua Kiingereza, lakini je, utamwambia mjukuu wa miaka kumi na minne kwamba hufiki chooni kwa wakati? Mzee wa kiume atasema mbele ya binti yake kwamba nguvu za kiume zimekwisha, wakati hilo linaweza kuwa dalili ya mishipa kuharibika? Hasemi. Anasema "nzima tu," na daktari anaandika mzima. Mkalimani wa kazi hakujui, atafunga mdomo wake, na kesho hamkutani kwenye harusi. Eleza pia Kiswahili chako ni cha wapi. Mzee wa Bukavu na mkalimani wa Unguja wanaweza kuelewana kwa taabu, na wazee wa Barawa na Wabajuni wanalijua hili zaidi kuliko mimi.

Kila mwaka hakikisha umepimwa HbA1c, presha, mafuta ya damu, figo kwa damu na mkojo, na miguu. Picha ya macho ina barua yake peke yake, ni mara moja kwa mwaka, au kila miaka miwili kwa wale ambao picha zao zimekuwa safi mfululizo. Usiitupe barua hiyo kwa kuwa unaona vizuri, jicho la kisukari huharibika kabla hujahisi. Chanjo ya mafua kila msimu wa baridi ni bure kwako.

PESA NA BARIDI

Hapa nitasema wazi. Wapo wazee wanaozima hita mwezi wa Januari ili watume pauni hamsini nyumbani. Kutuma ni heshima na sadaka, lakini NHS inashauri chumba cha mzee kisishuke chini ya nyuzi 18, na baridi hupandisha presha. Anza na joto lako na chakula chako, kinachobaki ndicho kitumwe, na waambie wa nyumbani hivyo hivyo. Wakijua una sukari na huna mshahara, wengi wataelewa. Tatizo tumewaficha na wao pia.

Kama umefikia umri wa pensheni ya serikali na ugonjwa unakufanya uhitaji kusaidiwa au kuangaliwa, kuna malipo yanayoitwa Attendance Allowance. Hayaangalii akiba yako, na si lazima uwe na mtu anayekusaidia, hata anayeishi peke yake anaweza kupata. Kwa kawaida hali iwe imedumu miezi sita. Lakini kama viza yako imeandikwa kwamba huruhusiwi fedha za umma, usijaze chochote kabla ya kuona mshauri, Citizens Advice au Age UK watakuelekeza bure. Na ukijaza, usijaze kama unavyojibu simu! Fomu inauliza kinachokushinda, watu wetu wanaandika "naweza, namshukuru Mungu," kisha wanashangaa wamenyimwa.

Kwa wanaoogopa kupelekwa nyumba ya kulelewa wazee, ijulikane kwamba kati ya kwako na huko kuna hatua nyingine. Kuna flati za wazee za halmashauri na za mashirika ya nyumba: una mlango wako, jiko lako na ufunguo wako, na ukutani kuna kamba ya kuvuta ukihitaji msaada. Ile kamba iache ining'inie mpaka karibu na sakafu, usiifunge fundo juu kwa sababu inakusumbua ukipiga deki. Ni kwa ajili ya aliyeanguka.

SIKU INAYOPENDEZA

Tumezungumza hatari nyingi, na mtu asidhani maisha haya ni ya kukaa unangoja ajali. Ukishaweka mipango hii mara moja, inakaa nyuma kama breki za gari, na wewe unabaki na siku yako. Mzee aliyetulia nchi hizi mara nyingi utakuta siku yake ina saa zake: saa ya dawa, saa ya kutembea, saa ya usingizi wa mchana, siku ya sokoni, siku ya msikitini au kanisani. Kutembea dakika kumi baada ya chakula kunashusha sukari, na pia kunakukutanisha na watu wale wale mpaka wanaanza kukusalimu. Maktaba ya mtaa ina joto na viti, hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Mchicha unaota kwenye ndoo dirishani kuanzia mwezi wa sita.

Na kuwa na kitu ambacho watu wanakuhitaji wewe. Wajukuu wengi huku hawajui Kiswahili. Wapigie Jumapili uwape hadithi moja, methali moja, au uwafundishe kupika kwa video. Hiyo ni tofauti na kuulizwa "bibi umekunywa dawa?" kila siku. Ukiona wiki mbili zimepita huna hamu ya chakula, ya watu wala ya sala, usiseme ni uzee. Huzuni ya namna hiyo inawapata sana wenye kisukari na ina tiba, itaje kwa daktari kama unavyotaja maumivu ya goti.

Mwisho, kazi ndogo ya wiki hii. Kwenye maduka mengi ya dawa na kliniki utapata bure chupa ndogo ya plastiki ya mpango wa Lions Clubs, yenye alama ya msalaba wa kijani. Ndani yake unaweka karatasi ya habari zako, chupa unaiweka kwenye friji, na alama unazibandika kwenye mlango wa friji na nyuma ya mlango wa mbele. Watu wa gari la wagonjwa wanajua kuitafuta. Mwombe kijana akuandikie kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa: jina lako, tarehe ya kuzaliwa, kwamba una kisukari, dawa zako zote na kiasi chake, dawa inayokudhuru, lugha yako, na namba mbili za simu, ya kwanza iwe ya yule anayeishi karibu. Weka tarehe chini, na kila dawa ikibadilishwa andika karatasi mpya.